MAZUNGUMZO YA KARANI: Pikapu Inayokohoa Mlimani



Majuma mawili yaliyopita niliandika habari ya kuhifadhi maharage yasiliwe na fukusi, nami nikapata barua tatu. Hakuna hata moja iliyouliza juu ya maharage. Zote tatu zauliza juu ya gari la kuyachukulia. Ya kwanza yasema, "Pikapu yetu yakohoa." Ya pili, "Pikapu yetu haina nguvu tena mlimani." Ya tatu, "Fundi asema injini ifunguliwe yote, nawe karani wasemaje?" Basi leo nawajibu wote watatu pamoja, na ninyi wengine mlio na gari la kikundi, la ukoo au la kigango, sogeeni. Hata asiyekuwa na gari na asikilize, kwa kuwa iko siku atapakiwa ndani yake, au mkewe atapakiwa usiku, mvua ikinyesha, kupelekwa hospitali ya Kabanga. Usiku huo si wakati wa kuanza kujifunza kwa nini injini yakohoa.

Mimi si fundi. Lakini daftari la matengenezo ya gari la parokia limo mikononi mwangu, na karani anayeandika kila shilingi hulazimika kuuliza shilingi ile imetengeneza nini.

Tuanze darasani kidogo. Mwaka 1876 Mjerumani mmoja, jina lake Nikolaus Otto, alifaulu kuunda injini ya hatua nne, na pikapu zetu zaenda kwa namna ileile hata leo. Katika kila silinda pistoni hushuka ikivuta hewa na mafuta, hupanda ikivikandamiza, husukumwa chini vinapowaka, kisha hupanda tena kutoa moshi. Mwenzake Rudolf Diesel alionyesha injini yake mwaka 1897. Yeye hakutumia cheche: hewa hukandamizwa mpaka iwe na joto kali, na mafuta yakinyunyizwa ndani yake huwaka yenyewe. Kwa hiyo petroli yataka mambo manne, yaani hewa, mafuta, kukandamizwa, na cheche kwa wakati wake. Dizeli yataka matatu, bila cheche. Ubovu wote wa kukohoa na kukosa nguvu hutoka katika mambo hayo, wala hakuna la tano, isipokuwa uchawi, nao hatuuandiki katika gazeti hili.

Watoto wa shule na wafanye hesabu hii. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila silinda huwaka mara 1,000, na zote pamoja mara 4,000. Mafundi wakisema gari "linamisi", maana yake silinda moja au zaidi imekosa kuwaka kwa zamu yake. Fikirini watu wanne waliobeba mgonjwa kwa machela wakipanda kilima. Mmoja akiachia, watatu hubeba na sehemu yake pia. Na katika injini ni vibaya zaidi, kwa kuwa yule aliyeachia hatoki njiani. Amekaa juu ya machela, naye abebwa! Pistoni isiyowaka huburutwa na wenzake.

Lakini kabla ya kuinua boneti, tuwe na hakika ya kuwa kosa limo katika injini. Ukikanyaga mafuta mlimani, sauti ya injini ikapanda kama ya gari linalokimbia huku gari lenyewe latambaa, na harufu ya kuungua yaja, injini yako ni nzima. Klachi yateleza. Ukifika juu ukasogeza mkono karibu na magurudumu bila kuyagusa, ukaona moja lina joto kali na mengine hayana, breki imeshika, na injini ilikuwa ikivuta gari lililofungwa. Tena tutazame mzigo. Pikapu nyingi zinazopita huku zimeundwa kuchukua kiasi cha tani moja, na watu waliopanda nyuma wamo katika hesabu hiyo. Magunia kumi ya kilo 100 yamekwisha kuimaliza tani. Ikiwa magunia yenyewe ni ya lumbesa, na juu yake wameketi watu saba na mbuzi, msimwite fundi. Mshusheni mbuzi.

Wako pia wanaosingizia milima. Ni kweli, Ziwa Tanganyika liko kiasi cha mita 770 juu ya bahari, na vilima vyetu vya Buha vyafika mita 1,500 na zaidi. Hewa huku ni nyepesi kuliko ya Kigoma, na injini isiyo na tabo, yaani kile chombo cha kusukumia hewa, hupoteza kiasi cha sehemu moja katika mia ya nguvu zake kwa kila mita 100 inazopanda. Basi kutoka ziwani hata kwetu yapotea kama saba au nane katika mia. Lakini kilima hakikui. Gari lililopanda vizuri mwaka jana kwa mzigo uleule, na mwaka huu lashindwa, lina sababu nyingine.

Sasa nitawasimulia habari ya kikundi kimoja cha wakulima, ambacho sitakitaja. Walikuwa na pikapu ya zamani ya petroli, yenye kabureta. Kila siku ya soko ilitoka nyumbani vizuri, ikaenda kilomita kadha, kisha ikaanza kudonoa, kukohoa na kuzimika mlimani. Dereva alishuka, akafungua boneti, akatazama ndani, akapima mafuta, akazungukazunguka, akarudi kupiga stata. Gari likawaka na kwenda kama jipya. Kilomita chache mbele, mambo yaleyale. Fundi wa kwanza alibadili plagi zote. Fundi wa pili alisema pistoni na ringi zimekwisha, injini ishushwe na kufunguliwa. Kikundi kikaitisha mkutano, na hoja ilikuwa kuuza maharage ya mavuno yote pamoja na yale ya mbegu.

Katika mkutano huo alisimama mama mmoja mtu mzima, mtunza fedha wao, ambaye hajui hata kuwasha gari. Akamwuliza dereva, "Mwanangu, gari likizimika, wewe wafanya nini hata liwake?"

"Mama, sifanyi kitu. Lapumzika tu."

"Na pistoni iliyokwisha, hupona ikipumzika?"

Watu walicheka, lakini swali lile lilikuwa la thamani kuliko spana zote za mafundi wale wawili. Chuma kilicholika hakiponi kwa kupumzika. Kitu kinachopona kwa kupumzika ni kitu kilichokuwa na njaa kikashiba, au kilichokuwa na joto kikapoa. Walipotafuta kwa njia hiyo waliona ya kuwa kofia ya tangi ilipotea zamani, na mahali pake mdomo wa tangi ulifungwa kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, ukakazwa vizuri sana. Ulikazwa mno! Mafuta yakitoka tangini, lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Ninyi wenyewe mwajua dumu la maji lenye tundu moja dogo: maji hutoka kidogo, husita, hugugumia. Tangi lile lilifanya vivyo hivyo. Pampu ilivuta mpaka ikashindwa, kabureta ikakauka, gari likakohoa. Gari lilipokaa, hewa ilipenya polepole, au dereva alifungua ule mpira kupima mafuta, na njaa ikaisha. Siku walipoufungua mpira palepale gari lilipozimika, wakasikia mlio "fyuuu" wa hewa ikiingia. Kofia mpya ilinunuliwa, yenye kitundu chake cha kupumulia, na maharage ya mbegu yakapandwa.

Basi gari lako likizimika mlimani na kupona, fungua kofia ya tangi kwanza, maana haigharimu kitu. Usiposikia kitu, tazama chujio la mafuta. Likiziba nusu, hupitisha mafuta ya kutosha uwanda lakini si ya kutosha mlimani, ambako injini hula zaidi. Na kama mafuta yafika vizuri, ikiwa ni petroli, shuku koili. Koili iliyochoka hufanya kazi ikiwa ya baridi, hupoteza cheche ikipata moto, kisha hurudi ikipoa. Ubovu huo hufanana sana na ule wa mafuta, na njia ya kuutenga ni kutazama cheche palepale gari lilipozimika, wala si baada ya kupoa.

Nageukia barua ya kwanza, ya gari linalokohoa wakati wote, hata limesimama. Hapo silinda moja imekufa, na kazi yetu ni kujua ni ipi. Kwa pikapu ya petroli ya namna ya zamani, yenye distributa na waya nne, fanya hivi. Hakikisha hakuna petroli inayovuja mahali popote. Zima injini, chomoa waya mmoja wa plagi, uchomeke katika plagi ya zamani iliyolazwa imara juu ya chuma cha injini, kisha washa na usikilize. Injini ikidhoofika zaidi ya kwanza, silinda ile ilikuwa ikifanya kazi. Zima, rudisha, nenda kwa inayofuata. Ukichomoa waya na sauti isibadilike hata kidogo, umempata mvivu. Usishike waya kwa mkono injini ikiwaka. Umeme wake hupita volti 10,000, na mtu mwenye ugonjwa wa moyo asikaribie kabisa.

Ukishampata mvivu, usikimbilie dukani. Tuseme ni silinda ya tatu. Toa plagi yake uipeleke ya kwanza, na ya kwanza uilete ya tatu. Washa, pima tena. Ubovu ukihamia silinda ya kwanza, plagi ndiyo mbaya, nawe utanunua plagi. Ukibaki ya tatu, badilishana waya kwa njia ileile. Ukibaki palepale hata baada ya waya, ndipo utazame kofia ya distributa, kama ina ufa au unyevu, na baada yake kukandamizwa. Wataka subira kidogo, lakini kila hatua yakuambia jambo moja la hakika. Fundi anayebadili plagi, waya, koili na kabureta siku moja aweza kuliponya gari, lakini hajui alichoponya, nawe umelipia vyote vinne.

Plagi yenyewe ukiitoa, isome. Ncha yenye rangi ya udongo mwepesi au kijivu ni ya silinda yenye afya. Masizi makavu meusi ni mafuta mengi kupita hewa, mara nyingi kwa sababu chujio la hewa limejaa vumbi letu jekundu. Likung'ute, au ununue jingine ikiwa limechoka. Lile la karatasi usilioshe kwa petroli, wala usitembeze gari bila chujio, maana vumbi husaga silinda kama jiwe la kusagia. Ncha iliyolowa oili yaonyesha oili inayopita penye ringi au valvu. Ncha nyeupe iliyochomeka ni ya silinda yenye joto la kupita kiasi. Ncha iliyolowa petroli yasema mafuta yalikuja lakini cheche haikuja.

Wale ambao gari lao lamisi asubuhi za mvua tu na kupona kukikauka, nawapa dawa rahisi. Ngojeni usiku wa giza, washeni injini, fungueni boneti bila kugusa kitu. Mkiona vimulimuli vya buluu vinarukaruka juu ya waya, cheche inatoroka njiani kabla ya kufika kwenye plagi. Waya hizo zimezeeka.

Kwa dizeli mambo ni mengine. Plagi mnazoziona ni za kupasha joto wakati wa kuwasha tu, hazihusu kumisi kwa injini iliyokwisha kupata moto. Mshukiwa wa kwanza ni mafuta, wa pili hewa iliyoingia katika mabomba ya mafuta, wa tatu nozeli. Katika injini za zamani zenye pampu ya chuma tupu, fundi hulegeza kidogo nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine na kusikiliza, kama tulivyofanya kwa waya za petroli. Nasema fundi, tena mwenye kuvaa miwani. Katika dizeli mpya zinazoendeshwa na kompyuta jambo hili ni marufuku kwa kila mtu. Mafuta humo hukandamizwa kupita mara elfu ya hewa tunayovuta, na uzi mwembamba wa mafuta waweza kupenya ngozi ya mkono kama sindano. Kidonda huonekana kidogo kama cha mwiba, lakini ndani nyama yaoza, na mtu aweza kupoteza mkono. Likimpata mtu, hospitali saa ileile, asingoje uvimbe.

Moshi wa dizeli husema mengi. Mweusi ni mafuta yasiyokwisha kuwaka, basi tazama chujio la hewa, kisha nozeli. Wa buluu ni oili. Mweupe wenye kuwasha macho ni dizeli iliyotoka bila kuwaka. Mweupe usiokoma, huku maji ya rejeta yapungua kila siku, ni gasketi ya hedi. Lakini mvuke mweupe wa dakika chache katika baridi ya asubuhi za Juni si ugonjwa. Hata ninyi wenyewe mwatoa moshi mdomoni asubuhi hizo.

Juu ya mafuta nina neno. Zamani dizeli ilichakachuliwa sana kwa mafuta ya taa, kwa sababu yalikuwa na kodi ndogo. Mwaka 2010 EWURA ilianza utaratibu wa kutia vinasaba katika mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya kuchanganya iondoke. Lakini vinasaba havizuii mvua kuingia katika pipa la kijijini lililoachwa wazi, wala mchanga katika dumu. Ukilazimika kununua ya pipa, tia kidogo katika chupa safi ya kioo, iache itulie. Maji ni mazito kuliko dizeli, yatakaa chini nawe utaona mpaka wake. Chini ya machujio mengi ya dizeli pana kizibo cha kutolea maji. Kifunguliwe mara kwa mara, hasa masika, na baada yake pampu ya mkono ipigwe mpaka hewa yote itoke.

Sasa barua ya tatu, ya fundi asemaye injini ifunguliwe. Huenda asema kweli. Ringi hulika, valvu huungua, gasketi hupasuka, na hapo hakuna njia ila kufungua. Lakini kuna kipimo kidogo cha kompresheni, huingizwa mahali pa plagi, na kazi yake haifiki saa moja. Injini ya petroli yenye afya huonyesha mara nyingi kati ya 150 na 190 katika kipimo cha pauni, na silinda zote zisipishane sana. Moja ikiwa chini, fundi hutia kijiko cha oili ndani yake na kupima tena. Namba ikipanda, ringi zavuja. Isipopanda, ni valvu au gasketi, na pengine hedi peke yake itashushwa, wala si injini nzima. Dizeli ina kipimo chake kikubwa zaidi, na hiyo habari ya kijiko cha oili haifai kwake. Mwambie fundi kwa adabu, "Bwana fundi, naomba uniandikie namba za silinda zote nne." Fundi mwema atafurahi kuulizwa. Akikasirika, mpe chai, kisha mtafute mwingine.

Wenye magari mapya yenye kompyuta, mashine ya kusomea yaweza kuwapa alama: P0301 ni silinda ya kwanza yamisi, P0302 ya pili, na kuendelea. P0300 ni silinda zisizojulikana au zinazobadilika. Alama hiyo yataja chumba chenye ugonjwa, haitaji ugonjwa. Kubadilishana vifaa kama nilivyoeleza kwabaki palepale. Na ile taa ya injini ikimwekamweka, punguzeni mwendo mara moja na kusimama mahali pa salama.

Mwisho nawaomba daftari. Liwekwe ndani ya gari, na dereva aandike: mafuta yalinunuliwa wapi na siku gani, chujio lilibadilishwa lini, ubovu ulianza gari likiwa na moto au baridi, tupu au na mzigo, kupanda au uwanda, moshi ulikuwa na rangi gani. Mistari mitatu yatosha. Daftari la parokia limewahi kutuonyesha ya kuwa gari lilikohoa mara nne katika miezi miwili, na mara zote nne ilikuwa siku ya pili baada ya kununua mafuta mahali pamoja. Hatukununua tena huko, wala hatukufungua injini.

Ndugu wa barua ya tatu hakunieleza kama gari lake ni la petroli au dizeli, wala moshi wake una rangi gani. Aniandikie tena kabla hajalipa kitu. Juma lijalo, Mungu akipenda, nitarudi kwenye maharage.